Kima Punju na Vidaka vya Babu

Babu yangu alikuwa mkwezi, kijijini Pete, Unguja. Akimwona kima punju juu ya mnazi, kwanza huokota kumbi akamtupia, halafu ndipo atufunze sie wajukuu: "Huyo ana sumu. Mti anaoulalia haudumu." Punju kwa wazee wetu ni sumu, na jina hilo lilitosha kumfanya mnyama achukiwe. Walisema hata mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya.

Na hana kwao pengine ila Unguja. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, basi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 5,800 tu, na hao ni wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Alasiri moja nilikaa pembeni mwa shamba linalopakana na msitu wa Jozani, Unguja. Kundi lilikuwa kwenye mkungu, likichuma majani machanga: migongo myekundu, mikono myeusi isiyo na vidole gumba, midomo ya waridi, nywele nyeupe zimezunguka uso. Jike mmoja, mwanawe kamng'ang'ania kifuani, akashuka hadi penye tanuri la mkaa lililokwisha kufukuliwa. Akachambua majivu, akachagua kipande, akakinusa, akakitafuna kwaru kwaru mpaka midomo ikawa myeusi. Kisha akarudi mtini kula.

Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazodhuru tumbo. Mkaa huzinasa zisimdhuru, kama vile hospitalini aliyemeza sumu anavyoweza kupewa mkaa maalumu anywe. Kwa hiyo huyu tuliyemwita sumu ndiye anayejua dawa yake! Tumbo lake lina vyumba, na ndani vijidudu huchachusha majani. Tunda bivu lenye sukari nyingi humvimbisha. Embe lililoiva hulipita, akatafuta bichi.

Na nazi je? Hapa ndipo babu aliponiumiza roho, maana alikuwa mtu wa haki. Kima punju hula vidaka, vile vidogo ambavyo vingi hupukutika vyenyewe kabla ya kufika kitale. Watafiti walioichunguza minazi ya kandokando ya Jozani miaka ya 1990 walikuta kwamba miti iliyoliwa vidaka zaidi haikupungukiwa mavuno, ilizaa zaidi. Yaonekana kupunguza vidaka huvipa nafasi vinavyobaki. Babu alifariki bila kuzisikia habari hizo.

Lawama kubwa zaidi ni zetu. Barabara ya kusini imepasua makazi ya kima hawa, na kabla ya kujengwa matuta waligongwa mara kwa mara. Matuta yamepunguza vifo, hayakuvimaliza. Mkaa nao una pande mbili: anaoutafuna kwa afya yake ndio huo huo tunaoukatia miti yake. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, haiwakusanyi wote. Wengine huishi nje, mashambani na kwenye mikoko.

Shamba la babu sasa analo shangazi. Kumbi hatupi tena. Siku akifukua tanuri, huchota mkaa wake akajaza magunia, na chenga huziacha pale pale. Asubuhi huzikuta zimechakurwa.