Nyumba Nzuri, Mwenyewe Kampuni

Ukikaa katika nyumba miaka thelathini, ukalea watoto humo mpaka wakaoa, je, nyumba hiyo ni yako? Katika mji wa Port Gamble jibu lilikuwa hapana.

Port Gamble ni mji mdogo wa Marekani. Uko katika jimbo la Washington, upande wa magharibi, kando ya bahari. Zamani pande hizo zilijaa misitu ya miti mikubwa sana. Mwaka 1853 William Talbot alifika huko kwa meli, akitafuta mahali pa kuweka kiwanda cha kupasua mbao. Yeye na mwenzake Andrew Pope walikuwa watu wa East Machias, katika jimbo la Maine, mbali sana upande wa mashariki. Mwaka huo huo msumeno ukaanza kazi.

Lakini mahali pale palikuwa na wenyewe. Walikuwa ni watu wa kabila la S'Klallam. Walihamia ng'ambo ya maji. Kampuni iliwapa mbao za kujengea, na wanaume wao wakafanya kazi kiwandani.

Kiwanda kilitaka watu, na watu walitaka mahali pa kulala. Kwa hiyo kampuni ilijenga mji mzima. Ilijenga nyumba za mbao kwa mtindo wa kwao Maine, zenye paa la mwinuko mkali. Ilijenga duka na kanisa. Mkubwa wa kiwanda alikaa katika jumba kubwa. Wafanyakazi wenye familia walikaa katika nyumba ndogo. Wasio na wake walilala bwenini. Wote walikuwa wapangaji. Mtu aliyepasua mbao za nyumba ile hakuwa na hata ubao mmoja wa kwake.

Hata hivyo, nyumba zenyewe zilitunzwa. Sisi mabwana shamba tunajua jinsi mvua inavyoozesha mbao. Huko mvua ni nyingi, tena ya miezi. Mbao isiyopakwa rangi haidumu. Kampuni iliendelea kupaka rangi na kutengeneza, kwa sababu ilikuwa inatunza mali yake. Mwaka 1966 serikali ya Marekani iliutangaza mji huo kuwa mahali pa kumbukumbu ya historia ya taifa.

Ng'ambo ya pili mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1938 serikali iliwatengea S'Klallam ardhi yao. Mwaka uliofuata nyumba zao za zamani za pwani zilichomwa moto kwa amri ya serikali. Wakahamia juu kilimani. Kati ya kuchoma huku na kuhifadhi kule ilipita miaka 27 tu. Mimi jambo hili sikulipenda.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1995, baada ya miaka 142. Watu walikosa kazi. Majengo ya kiwanda yakabomolewa. Kati ya mwaka 2015 na 2017 maelfu ya nguzo za zamani, zenye dawa ya sumu, ziling'olewa baharini. S'Klallam walikuwa wamelidai jambo hilo, maana huokota chaza na kome hapo. Nyumba za wafanyakazi zilibaki zimesimama, na kampuni ikawapangisha watu wengine.