Maporomoko Yaliyoingizwa Kwenye Mabomba

Mgeni akiuliza Lubumbashi maporomoko ya kwenda kutazama, ataelekezwa Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu. Ni haki yake: pale maji hujitupa zaidi ya mita 340, na mvua zikiisha Aprili yanapendeza kupita kiasi. Lakini maporomoko yaliyolisha viwanda vya Katanga ni mengine, na leo hayana mvumo wa kuvutia watalii.

Ni Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mashariki ya Likasi. Wabelgiji waliyaita Maporomoko ya Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia aliyefika Bunkeya mwanzoni mwa 1892 pamoja na msafara wa Kapteni Lucien Bia. Mwami Msiri, mtawala wa huko, alikuwa ameuawa kwa risasi wiki chache tu nyuma, tarehe 20 Desemba 1891. Cornet alikuwa na miaka 26, na kazi yake ilikuwa kupima mawe.

Mawe hayo ndiyo yaliyomzalia hadithi. Husimuliwa kwamba alipoona wingi wa madini alitamka kuwa Katanga ni “kashfa ya kijiolojia”, na wanasiasa hawajachoka kuurudia msemo huo. Wafua shaba wa huku, waliokuwa wakimimina misalaba ya shaba karne nyingi kabla yake, hawakuona kashfa yoyote.

Shaba ilihitaji umeme. Kampuni ya madini ya Union Minière ikataka nguvu za kusafishia madini Shituru, Likasi. Lufira ikazibwa, na mwaka 1930 mitambo ya Mwadingusha ikaanza kuzunguka. Cornet alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kituo kikapewa jina la Francqui, aliyeongoza msafara baada ya Bia kufa njiani. Bia mwenyewe akaja kupewa kituo cha Koni, chini zaidi mtoni. Enzi ya Zaire majina hayo yakafutwa, ya wenyeji yakarudi.

Maji hayakurudi. Yako nyuma ya ukuta, katika ziwa Tshangalele, ambako wavuvi hutoa samaki wa kulia bukari.

Mitambo ilipochakaa, shirika la umeme la Kongo, SNEL, na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, waliifufua. Kazi ikakamilika 2021. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji ambavyo usiku bado vinawasha vibatari.