Rungu la mbao: gharama iko wapi?

Rungu la mtindo wa Ulaya ya zama za kati huchukuliwa kuwa kazi isiyo na gharama: tafuta mti, chonga, maliza. Dhana hiyo inafaa kupimwa kwa vipimo halisi. Tuchukue rungu la urefu wa sentimita 75. Mpini una sentimita 25 na kipenyo cha sentimita 3.5, kuanzia hapo linanenepa taratibu hadi sentimita 9 kichwani. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 1,870.

Fundi akilitoa kwenye kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 10, anaanza na ujazo wa 7,500. Kinachobaki mkononi ni asilimia 25. Asilimia 75 ya mbao aliyoilipia inaishia sakafuni kama maranda.

Uzito unategemea msongamano, yaani kilo zilizomo katika kila mita ya ujazo. Mwaloni mkavu una takriban 700, hivyo rungu letu litakuwa na kilo 1.3. Likichongwa kwa mpingo, wenye karibu 1,270, linafika kilo 2.4. Upanga wa mkono mmoja wa zama hizo ulikuwa na kilo 1.1 hadi 1.4 hivi. Kwa hiyo nayatilia shaka marungu ya kilo 5 yanayosimuliwa: kwa mwaloni, kilo 5 zinahitaji ujazo wa 7,140, yaani karibu kipande chote kabla hakijaguswa na shoka.

Wala si kweli kwamba rungu lilikuwa la maskini tu. Kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa karne ya 11 na chenye urefu wa karibu mita 70, kinamwonyesha Odo, askofu wa Bayeux, akiwa nalo katika vita vya Hastings, Uingereza, vya mwaka 1066. Wapo wanaoeleza kuwa alichagua rungu kwa sababu kasisi alikatazwa kumwaga damu. Lakini katika kitambaa hichohicho Duke William wa Normandy naye ameshika rungu, na yeye hakuwa kasisi.

Sasa fedha, kwa shilingi za Tanzania. Bei hizi ni makadirio yangu; msomaji aweke za kwake. Tuseme mninga ni shilingi 2,000,000 kwa mita ya ujazo: kipande chetu ni 15,000. Fundi analipwa 30,000 kwa siku ya saa nane, sawa na 3,750 kwa saa; saa sita za shoka, tezo na msasa ni 22,500. Mafuta na msasa 5,000. Jumla 42,500, na kazi pekee ni asilimia 53.

Njia ya pili ni kuchagua mti mchanga ambao tayari umenenepa shinani, na kugeuza shina hilo kuwa kichwa. Ikiwa unazidi rungu kwa sentimita moja tu ya kipenyo, ujazo wake ni takriban 2,560, na asilimia 73 inabaki. Hapa ndipo muonekano wa kishamba wa marungu kama haya unapoeleweka: mchongaji aliuacha mti umfanyie kazi. Tukimlipa mwenye shamba 3,000, saa tatu za fundi 11,250, na mafuta na msasa 5,000, jumla ni 19,250. Nafuu ni 23,250, au asilimia 55.

Nafuu hiyo imeficha kitu: muda wa kuutafuta mti. Mchunga mifugo aliyeshinda porini kila siku hakuulipia. Hata yeye hakuwa huru kila mahali. Katika misitu ya wafalme wa Uingereza, kukata mti mbichi kulikuwa kosa la kutozwa faini. Fundi wa mjini analipia siku nzima, 30,000, na tuseme usafiri 40,000. Safari inagharimu 70,000.

Akirudi na mti mmoja, rungu linafika 89,250, zaidi ya mara mbili ya lile la mbao ya kununua. Akipata mitatu, safari inaongeza 23,333 kwa kila rungu, na nafuu yote imekwisha. Akipata 20, safari ni 3,500 kwa kila moja, rungu linasimama kwa 22,750, na kwa marungu yote ameokoa 395,000. Ada ya kibali cha kuvuna haijaingia katika hesabu hii, na miti 20 yenye shina la umbo hilo haipatikani kwa urahisi katika siku moja.