Somo la Redio: Tembo wa Tabora na Namna ya Kusoma Sarafu za Zamani

Waliochelewa na wakae. Kiongozi wa darasa, tafadhali ushike chaki, maana leo tuna kazi ya ubao. Andika herufi tatu, A, J na T, kisha uandike tarakimu 1916. Ziandike kubwa ili hata walioketi nyuma wazione.

Somo letu ni kukusanya sarafu za zamani. Najua mtu mmoja anasema moyoni, "Mwalimu huyu naye! Sarafu ni za kutumia, si za kukusanya." Ngoja kidogo, ndugu. Ziko nchi ambako watu hukusanya hata vitu ambavyo haviwezi kununua kiberiti. Huko Marekani, katika mji wa Las Vegas, ziko nyumba za kamari ziitwazo kasino. Mchezaji akiingia hutoa fedha yake dirishani, naye hupewa vibao vidogo vya duara, vyenye rangi na jina la nyumba ile. Ndani ya nyumba kibao ni fedha. Akitoka nacho akaenda dukani kununua chumvi, mwenye duka atamcheka. Na siku ile kasino inapofungwa, ukapita muda wa kuvirudisha, vibao vyake havina pa kubadilishwa.

Lakini hapo ndipo watu wengine huanza kuvitafuta! Mwaka 1988 wapenzi wa vibao hivyo huko Marekani waliunda chama chao. Kibao kilichoandikwa dola 5 chaweza kununuliwa kwa dola nyingi zaidi, kwa kuwa nyumba haipo tena na vibao vilivyobaki ni vichache.

Sisemi haya ili kusifu kamari. Kamari imekausha mifuko ya watu wengi, hata hapa kwetu machimboni. Nataka mwone kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na thamani tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake. Ya pili ni ya kitu chenyewe: udongo, shaba, fedha au dhahabu. Ya tatu ni ile anayoiona mtu ajuaye kusoma kitu hicho kilitoka wapi, lini, na kwa nini vyenzake havipo. Sarafu nayo ni kibao cha Serikali. Serikali ikiondoka, thamani ya kwanza hufa. Hizo nyingine mbili hubaki.

Sasa tuje kwetu. Mnasema "hela" kila siku. Neno hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwa Wadachi, yaani Wajerumani, waliotawala nchi hii kabla ya Waingereza. Kwanza, kuanzia mwaka 1890, kampuni yao ilitoa rupia za fedha na pesa za shaba, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Rupia ile ilikuwa na kichwa cha Kaizari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Upande wa pili alikuwapo simba mbele ya mnazi. Pesa ya shaba ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja, kwa sababu watu wengi wa pwani walisoma herufi hizo. Hesabu ya pesa 64 ilisumbua, basi mwaka 1904 Serikali ya Wadachi ikaleta sarafu mpya iitwayo Heller, na 100 zikawa rupia moja. Babu zetu wakaitamka "hela". Sarafu imekufa zamani, jina lake lingali likinunua mchele sokoni.

Tazameni ubaoni. Kwenye hela nyingi mtaona herufi moja ndogo. Ikiwa ni A, sarafu ilipigwa Berlin. Ikiwa ni J, ilipigwa Hamburg. Miji hiyo yote miwili iko Ujerumani. Kwa hiyo mtu asiyejua Kijerumani hata neno moja, lakini ajuaye herufi A na J, aweza kusema sarafu yake ilizaliwa mji gani. Hela nyingine zilikuwa na tundu katikati, nazo zilifungwa kwa kamba, maana nguo za siku zile nyingi hazikuwa na mifuko.

Na T je? Hapa ndipo habari yetu inaponoga. T ni Tabora.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Waingereza zilifunga bahari. Sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya. Askari walitaka mshahara, wapagazi walitaka posho, na wenye vyakula walitaka kulipwa. Wadachi wakachapa noti papa hapa nchini, nyingine kwa karatasi duni kabisa. Wananchi hawakuzipenda noti zile, na mimi siwalaumu. Mchwa hula karatasi, mvua huiharibu, na serikali ikishindwa vita karatasi yake hubaki karatasi tu. Ndivyo ilivyotokea baadaye.

Basi mwaka 1916 huko Tabora, katika karakana ya reli, wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Walitumia mabaki ya shaba nyekundu na ya njano, hata maganda ya risasi na ya mizinga. Zilitoka hela 5 na hela 20. Hela 20 ya Tabora haipendezi macho: ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na herufi T, na mara nyingi imepigwa vibaya, upande mmoja umefifia. Lakini chukueni ile shaba mkononi mkafikiri. Huenda jana ilikuwa ganda la mzinga, na leo ni ujira wa mpagazi.

Ile sarafu kubwa ya Tabora haikuwa ya shaba. Wadachi walikuwa na mgodi wa dhahabu Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, mkoa wa Singida wa leo, kusini-mashariki ya Shinyanga. Dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja una tai wa Kaizari, na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, maana yake Afrika ya Mashariki ya Wadachi, pamoja na 15 RUPIEN. Upande wa pili yuko tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake milima, na chini yake 1916 na T. Wanaojua sarafu husema ni moja ya zilizo nzuri kuliko zote zilizopigwa Afrika, nami nakubaliana nao. Zilipigwa 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Tabora, na kazi ile haikuendelea tena.

Kiongozi wa darasa, andika hesabu hii. Uzito wa sarafu ile ni gramu 7 na sehemu kidogo. Si dhahabu tupu: katika kila sehemu 4, sehemu 3 ni dhahabu na sehemu 1 ni madini mengine. Wachimbaji mlioko hapo, mmekwisha piga hesabu kabla ya mimi kumaliza kusema. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5 na kidogo.

Basi tuseme bibi mmoja wa kijijini ana sarafu hiyo. Aliirithi kwa mama yake, imefungwa katika kitambaa chini ya sanduku. Mjukuu anaugua, fedha inatakiwa, bibi anaipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu. Mnunuzi ana mzani mzuri, hata pengine ni mtu mwaminifu. Anapima, anakata sehemu ya madini yasiyo dhahabu, anamlipa bibi gramu 5 na kidogo kwa bei ya siku. Jioni tembo anaingia katika moto pamoja na vipande vya Nyarugusu na Bulyanhulu, na asubuhi hapana awezaye kujua kwamba alikuwapo. Kumbe katika minada ya Ulaya na Marekani sarafu moja ya tembo yule, ikiwa safi na halisi, huuzwa kwa dola elfu kadhaa, mara nyingi zaidi ya ile dhahabu iliyomo.

Nani alimdhulumu bibi yule? Mzani haukusema uongo. Mzani unajua kupima tu, haujui kusoma. Nasi tunaokaa katika nchi ya dhahabu tumezoea mno kuuamini. Kwa mchimbaji, dhahabu ni dhahabu. Kipande kibaya na kipande kizuri vikilingana uzito na usafi, bei ni moja. Kwa mkusanyaji wa sarafu mambo ni kinyume kabisa. Yeye huangalia kwanza mwaka, kisha herufi, kisha kama nywele za Kaizari au mikunjo ya mkonga wa tembo bado inaonekana. Uzito huutazama baadaye, ili ajue kama sarafu ni ya kweli.

Maana ziko za bandia. Tembo wa Tabora ameigwa mara nyingi, kwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Iwapo uzito hautoshi, au sumaku inainasa, mwambie mwenyewe aende zake. Lakini msiikwaruze kwa kisu ili kutazama ndani! Ikiwa ni ya kweli, mkwaruzo ule umekula sehemu kubwa ya bei yake.

Vile vile msiisugue. Hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu mtu wetu akiona sarafu nyeusi jambo la kwanza ni kutafuta majivu na ndimu, au mchanga, au asidi ya betri. Ile rangi ya uzee juu ya shaba na fedha ndiyo mkusanyaji anayoitaka. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya huitazama mara moja akairudisha. Na iliyotobolewa ikavaliwa shingoni hupungua bei pia, ingawa mwenyewe alipendeza nayo. Shikeni sarafu kwa ukingo wake, iwekeni katika bahasha ya karatasi kavu, moja moja, na juu ya bahasha muandike mwaka, herufi na mahali ilipopatikana. Kalamu yenu mliyoipata darasani ina kazi hapo.

Nina neno juu ya watu wanaopita vijijini wakisema kwamba rupia ya Mdachi ina zebaki nyekundu, au ina nguvu za ajabu, na kwamba ukiwapa fedha ya "kuipima" watakuletea tajiri wa kuinunua kwa mamilioni. Rupia ni fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, basi. Haina zebaki ya rangi yoyote. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Watu hao hao huwashawishi vijana kuchimba usiku kwenye maboma ya kale na hata makaburini. Kuchimba kutafuta mambo ya kale bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ukuta wa zamani ukikuangukia katika shimo hakuna wa kukulilia ila mama yako. Machimbo yetu yamekwisha tufundisha juu ya mashimo.

Mtu asiye na tembo wa dhahabu aanzie wapi? Aanzie mkebeni mwa nyumbani. Waingereza walipochukua nchi walileta shilingi na senti, kuanzia mwaka 1921. Shilingi yao ilikuwa na simba na milima, na senti 10 ilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu kila upande. Wazee wengi wanazo bado. Baada ya Uhuru, Benki Kuu yetu ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu za kwanza za Tanzania zikatoka zikiwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Pindueni upande wa pili: shilingi ina mwenge, senti 50 ina sungura, senti 20 ina mbuni, na senti 5 ina samaki wa baharini mwenye pezi kama tanga. Hizi si za bei kubwa. Mtoto wa shule aweza kupata zote nne kwa kuwauliza wazee kwa adabu, na atasikia habari nyingi za bei ya pamba na ya sukari za siku zile, ambazo hazikuandikwa popote.

Na yule bibi mwenye kitambaa, tumshauri nini? Kwanza asiuze siku ile ile aliyoambiwa bei. Sarafu ipigwe picha pande zote mbili, ipimwe uzito mbele yake, na yote yaandikwe. Ampate mtu wa pili na wa tatu wa kuitazama, hasa mtu wa sarafu, si mtu wa dhahabu tu. Ikiwa shida ya mgonjwa imebana, ni heri kukopa kwa ndugu juu ya ng'ombe mmoja kuliko kumtia tembo motoni.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi alete sarafu moja ya zamani kuliko zote alizo nazo nyumbani, hata kama ni ya mwaka 1990. Asiioshe. Katika daftari achore duara mbili, aandike ndani yake kila herufi na kila tarakimu aionayo, pande zote mbili, bila kuacha hata moja. Asiyeona vizuri amwombe jirani amsomee, lakini aandike mwenyewe. Kiongozi wa darasa atazipanga kwa miaka, kutoka ya zamani mpaka ya karibuni, na kila mtu aondoke na yake.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kusoma stakabadhi ya mzani. Kwaherini.