Upasuaji wa mtoto wa jicho Jinja na Mbale: Namna ya kusoma ankara ya dawa

Mgonjwa anayepelekwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huwa na hofu mbili: ya kisu na ya fedha. Hofu ya kwanza daktari huituliza kwa maelezo. Ya pili mara nyingi huwaangukia ndugu waliomsindikiza, hasa katika hospitali za kulipia, wanapokabidhiwa ankara yenye majina ya dawa, herufi na tarakimu wasizozielewa.

Dawa zipi hutumika?

Kwanza, matone ya tropicamide au phenylephrine hupanua mboni ili mpasuaji aione lenzi iliyofifia. Kisha huja ganzi, ambayo kwa kawaida ni sindano ya lidocaine, pengine ikichanganywa na bupivacaine. Jicho husafishwa kwa povidone-iodine, na ndani yake hutiwa ute maalumu unaolinda tishu wakati lenzi bandia inapowekwa.

Mwishoni, baadhi ya wapasuaji hudunga ndani ya jicho kiasi kidogo sana cha cefuroxime. Utafiti uliochapishwa Ulaya mwaka 2007 ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya maambukizi ya ndani ya jicho takriban mara tano. Mgonjwa hurudi nyumbani na matone ya kuzuia uvimbe, kama vile dexamethasone.

Alama hizo zina maana gani?

Shirika la Afya Duniani hutumia mfumo wa alama uitwao ATC, unaosimamiwa na kituo chake cha Oslo, Norway. Herufi ya kwanza hutaja sehemu ya mwili: S ni viungo vya hisi, na S01 ni dawa za macho. Tropicamide ni S01FA06.

Dawa moja yaweza kuwa na alama zaidi ya moja. Dexamethasone ya jicho ni S01BA01, lakini inayodungwa mwilini ni H02AB02. Kwa hiyo jina likijirudia kwenye ankara, si lazima mgonjwa awe ametozwa mara mbili. Aidha, alama hiyo hutambulisha dawa tu. Bei hupangwa na hospitali au bima.

Nani hulipa?

Uganda iliondoa ada katika vituo vya afya vya umma mwezi Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Hivyo, katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, dawa zilizoletwa na Bohari ya Taifa ya Dawa hazipaswi kuuzwa kwa mgonjwa wa wodi ya kawaida. Dawa za serikali huwa na chapa inayoeleza kuwa si za kuuzwa. Ugumu huanza pale dawa inapokosekana na ndugu wakatakiwa kuinunua nje.

Mswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge mwezi Machi 2021, lakini haukuwa sheria. Asiye na bima binafsi hulazimika kutoa mfukoni.

Katika hospitali za kulipia, baadhi hutoza bei moja kwa upasuaji mzima, nyingine huorodhesha kila dawa. Hata nchini Marekani, bima ya wazee ya Medicare hujumuisha dawa nyingi za chumba cha upasuaji ndani ya malipo ya upasuaji wenyewe. Chache tu hulipwa kando kwa alama zake.

Maswali ya kuuliza mapema

Kabla ya siku ya upasuaji, ndugu waulize: je, bei iliyotajwa inajumuisha ganzi, lenzi na matone ya nyumbani? Ipo dawa ya kununua nje, na jina lake halisi ni lipi? Risiti itataja kila kitu?

Swali la matone ndilo zito zaidi. Anayeyakosa kwa sababu fedha zimeishia kwenye upasuaji anaweza kupata uvimbe utakaodhoofisha uoni aliougharamia. Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni kupungua ni dharura: arudi hospitali siku hiyo hiyo.