Utumwa Haukukoma 1873, Acheni Kujibu Hivyo

Swali limeletwa tena, safari hii na kijana wa kidato cha tatu kutoka Nachingwea, kama lilivyoletwa na mwalimu wa Ruangwa kabla yake: Mzungu gani alikomesha utumwa huku kwetu, na mwaka gani? Kila anayeuliza huja na jibu lake tayari. Livingstone, 1873. Anachotaka kwangu ni kutiliwa vema.

Sitatia vema. Jibu hilo limekosea mtu na limekosea mwaka. Lingebaki kwenye madaftari ya shule ningevumilia, lakini watu wanalitumia hata kuamulia mambo ya ukoo: babu alizaliwa baada ya 1873, kwa hiyo hakuzaliwa mtumwa. Si kweli. Mtoto aliyezaliwa Umwera mwaka 1900 na mama mtumwa alihesabiwa mtumwa, na kama hakukombolewa wala kupewa hati ya uhuru, aliendelea kuhesabiwa hivyo mpaka 1922.

Tuanze na Livingstone. Alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre, 1813. Machi 1866 alishuka Mikindani akafuata Mto Ruvuma kwenda bara, akaandika aliyoyaona, wakiwemo mateka waliofungwa kwenye miti na kuachwa wafe njiani. Maandishi yake yaliwatikisa Waingereza, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini alifariki 1 Mei 1873, katika Zambia ya leo, na mkataba wa biashara ya watumwa ulioupa mwaka huo jina ulitiwa sahihi Unguja tarehe 5 Juni. Aliyeusimamia ni Mskoti mwingine, Dk. John Kirk, balozi wa Uingereza. Upande wa pili alikuwa Sultani Barghash bin Said, ambaye alikubali baada ya kutishiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa chake.

Sasa usomeni mkataba wenyewe. Ulikataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na ulifunga masoko ya hadharani, likiwemo la Mkunazini. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani Lindi, Kilwa au Unguja aliamka kesho yake akiwa mtumwa vilevile. Hata biashara haikufa, ilihamia nchi kavu. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874 Frederic Elton, ofisa wa ubalozi, alipita njia ya pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa akahesabu zaidi ya watu 4,000 wakiswagwa kwenda kaskazini, ndani ya takriban mwezi mmoja tu. Mwaka 1876 Barghash akalazimika kutoa matangazo mengine, ya kukataza misafara ya bara. Wengi ambao hawakuvushwa tena walibaki kusini, kwenye mashamba ya nyuma ya Kilwa na Lindi na katika kazi ya mpira wa mwituni. Kwa hiyo mwaka mnaouita wa ukombozi ulifuatwa, katika sehemu kubwa ya ukanda wetu, na miaka ya utumwa mwingi zaidi mashambani.

Kosa linatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo wanasheria huyatenganisha: kukataza biashara ya watumwa, mahakama kukataa kuitambua haki ya bwana juu ya mtumwa, na kuufuta utumwa wenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote naupata Uskoti.

Joseph Knight alizaliwa Afrika, akapelekwa Jamaika akiwa mtoto, akanunuliwa na John Wedderburn, mwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1769 Wedderburn alirudi kwao Uskoti na kijana wake. Mwaka 1772 Knight alisoma gazetini kwamba jaji mmoja wa London amekataa mtumwa aitwaye Somerset atolewe nchini kwa nguvu. Alikuwa amempenda Ann Thompson, mtumishi wa nyumba hiyohiyo, akamwoa, akataka kuondoka. Wedderburn akamkamatisha. Mahakimu wa Perth wakampa haki bwana. Knight akapanda kwa mkuu wa mahakama ya jimbo, akashinda. Wedderburn naye akakata rufaa Court of Session, Edinburgh. Tarehe 15 Januari 1778 majaji wengi wakaamua kwamba sheria ya Jamaika juu ya watumwa haina nguvu katika ardhi ya Uskoti. Knight akatoka mtu huru.

Hukumu safi, na naipenda. Lakini tazameni ilipoishia. Haikumgusa mtumwa hata mmoja aliyekuwa Jamaika kwenye mashamba ya Waskoti walewale. Hao walisubiri mpaka 1834, na wengi wao mpaka 1838. Henry Dundas, wakili mkuu wa serikali aliyemtetea Knight mahakamani, ndiye aliyesimama Bungeni 1792 akataka biashara ya watumwa ikomeshwe hatua kwa hatua, na meli za Waingereza zikaendelea kubeba watu mpaka 1807. Tena Uskoti huohuo ulikuwa na wachimba makaa weupe waliofungwa na sheria wasiweze kuacha mgodi wa bwana wao. Sheria ya 1775 ilianza kuwalegeza, na minyororo hiyo ilikatika kabisa 1799, miaka 21 baada ya Knight kushinda.

Na huku kwetu, miaka ileile? Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa riale 20 kila mmoja. Mahakama ya Edinburgh haikuwa na mkono wa kufika huko. Watu waliojaza mikataba ya namna hiyo walitoka bara, na misafara ya Kilwa ilikwenda mpaka Ziwa Nyasa.

Twende mbele haraka. Amri ya Unguja ya 1897 iliondoa hadhi ya utumwa visiwani. Bara haikuhusika, kwani bara alikuwepo Mjerumani. Na Mjerumani hakuufuta utumwa. Aliuratibu. Alitoa hati za uhuru, nyingi. Amri ya 1901 ilimpa mtumwa siku mbili za wiki za kufanya kazi yake mwenyewe na haki ya kujikomboa kwa malipo. Amri ya 1904 ilisema watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na siku hiyo ilipofika kusini ilikuwa ndani ya vita vya Majimaji. Sheria iliyoufuta utumwa Tanganyika ilitungwa 1922, chini ya Waingereza.

Lakini hata 1922 si jibu la swali la nani. Kufikia mwaka huo watumwa wengi walikuwa wameshaondoka kwa miguu yao. Wapo waliokimbilia misheni ya Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliwaleta watu waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876. Wengine walifyeka msitu wakaanzisha vijiji vyao, wengine wakafuata kazi ya ujira pwani, wengine wakajikomboa kwa fedha waliyoichuma wenyewe. Knight naye alianza hivyo: alitaka kuondoka kabla ya jaji yeyote wa Uskoti kumwambia anaweza. Mnaoniuliza jina la Mzungu mnaniomba niwafute watu hawa, na sitawafuta.

Mnaotaka la kufanya, haya. Mwanafunzi, taja kwanza kilichokomeshwa: usafirishaji wa baharini 1873, hadhi ya utumwa Unguja na Pemba 1897, utumwa Tanganyika 1922. Mwalimu, wasomee mkataba kabla ya kuwapa tarehe. Familia inayotafuta asili, waulizeni wazee nani alihamia, alipokewa na nani, akaingizwa ukoo gani. Msianze na neno mtumwa, mtafungiwa mlango. Anayezuia posa kwa minong'ono ya babu wa mwenzake, sheria ya nchi hii haimjui mtumwa wala mjukuu wa mtumwa. Wanaokwenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kusoma majalada ya Kijerumani, ombeni msaada wa mtunza nyaraka, maana mwandiko wa Kijerumani wa kale ni mgumu, na nendeni na jina la jumbe au akida wa eneo lenu, kwa sababu majalada yamepangwa kwa mambo ya utawala, si kwa majina ya koo.