Wachewa na Watumbuka: watu walewale, ujirani wa namna mbili

Lori la mchele wa Kyela likishavuka mpaka wa Kasumulu hupita kwa Wangonde wa Karonga, ndugu wa Wanyakyusa, kisha kwa Watumbuka wa Mzuzu na Mzimba, hadi kwa Wachewa wa Kasungu na Lilongwe. Likikata kulia Lilongwe na kuingia Zambia kwa njia ya Mchinji, dereva huwakuta Wachewa tena Chipata. Akipanda kaskazini hadi Lundazi, anakutana na Watumbuka wengine.

Lugha ni zilezile, na mila hali kadhalika: Mchewa bado hufuata ukoo wa mama, Mtumbuka bado hutoa ng'ombe wa mahari. Kinachobadilika ni namna makabila haya mawili yanavyotazamana. Nchini Malawi ni wapinzani wa kisiasa wa muda mrefu. Zambia ni majirani wanaopiga kura upande mmoja bila kuulizana.

Mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, Daniel Posner, alilichunguza jambo hili katika vijiji vinne vilivyo jirani na mpaka huo, kimoja cha kila kabila kwa kila upande, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Wanakijiji waliulizwa, pamoja na mengine, kama wangempigia kura mgombea urais wa kabila lile lingine, na kama wangekubali kuoana nalo. Upande wa Malawi zaidi ya nusu walikataa katika maswali yote mawili. Upande wa Zambia waliokataa hawakuzidi robo.

Mpaka wenyewe uliwekwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 bila kujali nani anaishi wapi, kwa hiyo tofauti hiyo haikutoka kwa mababu. Jibu la Posner ni idadi. Malawi ni nchi ndogo ambamo Wachewa ndio kabila kubwa kuliko yote, na Watumbuka wanatosha kumpa mwanasiasa ngome. Zambia, yenye Wabemba na Watonga wengi, hakuna kati ya hao wawili anayeweza kufika mbali peke yake. Hapo wote wanakuwa "watu wa Mashariki".

Siasa za Malawi zilikoleza moto. Mwaka 1968 serikali ya Kamuzu Banda ilikifanya Kichewa lugha ya taifa, na Kitumbuka kikaondolewa redioni na magazetini. Mwaka 1989 walimu wenye asili ya Kaskazini waliamriwa kurudi kufundisha kwao. Uchaguzi wa vyama vingi ulipofika mwaka 1994, Kaskazini ilimpigia Chakufwa Chihana, mikoa ya Kati ikabaki na Banda, na Kusini ikamwinua Bakili Muluzi.

Lakini mwanasiasa hupanda mbegu penye udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili kwa sababu ya kipuuzi: nani amependa picha za mchoraji yupi. Kisha kila mmoja akaombwa kuwagawia fedha wenzake bila kuambiwa ni akina nani. Waliwapendelea wa kundi lao, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba wengi walikuwa tayari watu wao wapate kidogo, ilimradi wale wengine wapate kidogo zaidi.

Mfanyabiashara yeyote ataiona hesabu hiyo kuwa ni ya hasara. Hata hivyo inafanyika sokoni kila siku. Anayenunua kwa mtu wa kwao kwa bei ya juu, akiliacha duka la jirani lenye bei nafuu, anaifanya. Anayesikia Lilongwe kwamba kabila fulani halikopesheki, akaibeba habari hiyo hadi Chipata na kuwanyima watu mali kauli, anaifanya pia, tena katika nchi ambayo ugomvi huo hauna mizizi.

Kumwamini wa kwenu si ujinga mtupu. Unajua kwao ni wapi, na akikimbia na mali utamfuata mjomba wake. Ila hapo unayemjua ni mtu na mjomba wake, si kabila lote.

Kalenda nayo ina neno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ambao Posner alishiriki, ulipitia nchi 10 za Afrika na kukuta kwamba watu hujitambulisha zaidi kwa kabila uchaguzi wenye ushindani mkali unapokaribia. Mwenye madeni yaliyotawanyika ng'ambo ya mpaka afadhali ajue tarehe za kura za huko kama anavyojua bei ya dizeli.

Wasafiri wa zamani walikuwa na dawa yao. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo walijenga utani na Wazaramo, na mtani hakuachwa alale njaa njiani, wala azikwe kama asiye na watu. Zambia pia Wabemba na Wangoni, waliopigana vita katika karne ya 19, leo ni watani. Kwenye msiba Mbemba atamtukana Mngoni mbele ya wafiwa, na hakuna atakayemkamata shati.